Ekzosi Yenye Sauti ya Serikali

Mwanamume anayenunua ekzosi kwa ajili ya mlio wake hanunui kitu cha kumfaa yeye. Yeye mwenyewe hausikii vizuri. Akiwa juu ya pikipiki upepo unampiga masikioni, na mlio wote anawaachia watu aliowapita. Ni zawadi kwa watu ambao hawakuiomba. Haya niliyajua ningali msichana, nimesimama kando ya karakana pale Majengo, Thika, nimefumba macho kwa amri ya mchumba wangu, nikimsaidia kuchagua sauti ambayo angekuja kunioa nayo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza. Nilikuwa nikifundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya kanisa huko Gitothua, karibu na Ruiru, nikikaa na wazazi wangu katika kijiji kile tulichosukumiwa wote, nyumba zimepangwa mistari kama viazi. Yeye alikuwa karani katika kiwanda cha kukoboa kahawa Thika. Alikuwa na tai mbili, kalamu ya wino mfukoni, na imani kubwa juu ya nafsi yake. Nilimpenda. Naliweka hilo mapema kwa sababu msomaji akiendelea anaweza kulisahau, na mimi mwenyewe mara kadhaa nililisahau.

Pikipiki aliinunua kwa msimamizi mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa nyeusi, imetunzwa, tangi lake limesuguliwa mpaka ukiinama unaona meno yako. Shida ilikuwa sauti. Yule Mzungu alikuwa mtu wa makamo aliyependa utulivu, akaifungia ekzosi ndefu iliyomeza kila kitu, na pikipiki ikawa inapita barabarani ikinong'ona. Kwa mchumba wangu huo ulikuwa msiba.

"Napita na watu hawageuki," aliniambia, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Sasa nimeinunua ya nini?"

Nilimwambia ameinunua imfikishe anakokwenda. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Ndipo Jumamosi moja akanipeleka kwa fundi wa Majengo. Fundi huyo alikuwa Mwislamu, mjukuu wa wapagazi na askari wa makabila ambayo hata yeye alipoyataja hakuyamaliza, na alisema alijifunza pikipiki vitani, Burma. Alisema mambo mengi. Nyuma ya karakana alikuwa amezitundika ekzosi kuukuu kwenye waya, moja baada ya nyingine, kama nyama buchani. Na alikuwa na utaratibu wake wa kuziuza. Mteja hakuruhusiwa kupanda. Fundi aliifunga ekzosi kwa waya, akaenda nayo mwenyewe mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akapita mbele yetu kwa kasi. Mteja asimame, afumbe macho, asikilize.

"Ng'ombe achaguliwe kwa macho, ekzosi kwa masikio," fundi alisema. "Ukiichagua kwa macho, dada, utalia."

Nikamuuliza mume naye huchaguliwa kwa nini.

"Huyo kwa subira," akajibu, akawasha.

Sijui watu walitoka wapi. Kabla ya ekzosi ya kwanza kupita mara mbili, tulikuwa tumezungukwa na mabaraza mawili matatu: wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi, muuza ndizi, mchinjaji na kisu chake, mzee aliyekuwa akienda hospitali na sasa ameghairi. Kila mmoja alifumba macho. Kila mmoja alikuwa na neno. Wanaume hawa, ambao nyumbani hawakusikia mtoto akilia wala mke akiita, walisimama pale wakitofautisha mlio na mlio kama majaji wa mahakama kuu.

Ekzosi ya kwanza ilikuwa fupi, ikabweka. Mchinjaji akasema hiyo ni sauti ya mtu anayegombana na mkewe kila jioni. Ikatolewa.

Ya pili ilikuwa nzuri. Ilitoa mlio wa chini, wa mviringo, ukapita mbele yetu kama mtu mzima anayesalimia na kuendelea na safari yake. Nikasema ndiyo hiyo. Fundi naye, akishuka, akasema, "Hii ni ya mwalimu. Au padre." Hapo akawa ameiua. Mchumba wangu alirudia neno padre taratibu, mdomo umempinda.

Ya tatu ilikuwa imetolewa matumbo yote, imebaki bomba tupu. Ilipopita, kuku wa muuza ndizi waliruka juu ya kibanda na mtoto mchanga akaanza kulia hapo jirani. Mchumba wangu alifumbua macho yanameta. Aliipenda. Kama mtoto yule angenyamaza upesi angeichukua, lakini hakunyamaza, na mama yake akatoka nje akasimama mlangoni akitutazama, tukaona haya sote, hata mchinjaji.

Basi langu la kurudi Ruiru lilikuwa linaondoka. Nikamwambia, "Chukua ile ya pili."

"Tutaona," akasema.

Tutaona mdomoni mwa mwanamume ni hapana iliyovaa tai. Lakini nilikuwa msichana, nikapanda basi nikiamini tutaona.

Ya nne nilisimuliwa tu. Fundi aliitoa chini ya meza, imefungwa gunia, kwa maana haikuwa ya kuonyeshwa kila mtu. Ilitoka kwenye pikipiki ya serikali iliyokuwa imetumbukia mto Chania pamoja na mpandaji wake. Mpandaji aliopolewa, pikipiki ikauzwa kama vyuma chakavu, na fundi akajipatia sehemu yake. Walipoifunga na kuipitisha, baraza zima lilinyamaza. Mlio wake ulikuwa mzito, wa taratibu, kila pigo limesimama peke yake, mlio wa kitu kisicho na haraka kwa sababu lazima kisubiriwe. Wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walisogea nyuma hatua moja bila kujijua. Mchumba wangu aliwaona wakisogea. Basi, akaichukua hiyo.

Hakuniambia. Alitaka kuihifadhi kwa siku ya posa, kama suti.

Sasa lazima niseme kuhusu pombe, maana bila pombe hakuna posa kwetu. Wazee wa mwanamume wanakuja, maneno yanasemwa, kisha binti anaitwa mbele ya watu wote. Baba yake anampa pembe ya muratina na kumuuliza: pombe hii tuinywe? Binti akionja na kumrudishia baba, amekubali kuolewa. Akikataa kuonja, wazee wanachukua fimbo zao wanakwenda. Hakuna karatasi wala sahihi. Kuna pembe, kuna pombe, kuna swali.

Na pombe ilikuwa imekatazwa. Aliyetaka kupika ya sherehe alitakiwa kuomba ruhusa kwa chifu, na baba yangu hangemwomba chifu yule hata maji ya kunawa. Kwa hiyo alipika kwa siri kama watu wengine wote. Alikuwa amekwisha kushikwa mara moja. Afisa kijana wa Kizungu, mwenye magoti mekundu, alimwambia akimshika tena atampeleka kupasua mawe ya barabara. Afisa huyo ndiye aliyesimamia misako ya pombe upande wetu, na alikuja kwa pikipiki ya serikali, gari la askari likimfuata nyuma kwa mbali. Wanawake waliojua kusikiliza walimsikia akingali mbali. Waliokuwa wakipalilia kahawa kule juu ya mteremko walipaza sauti, "Ndama amekata kamba," na walio chini wakapokea, "Ndama amekata kamba," na kabla afisa hajafika kwenye lango la kijiji, kila kibuyu kilikuwa kimemwagwa mtaroni na kila mwanamume asiye na risiti ya kodi alikuwa amelala chali katikati ya mibuni.

Unaona tunakoelekea. Mimi sikuona.

Jumamosi ya posa wazee wake walikuja kwa miguu kutoka Theta, baba yake na baba zake wadogo, wamevaa makoti mazito, wakaketi nyumbani kwetu. Yeye alikuwa aje baadaye kidogo kwa pikipiki, ili afike wakati watu wote wapo wa kumwona akifika. Pombe ilikuwa tayari. Mama alikuwa ameihangaikia asali kama mtu anayetafuta dawa, na vibuyu vilikuwa vimekaa karibu na moto vikichacha siku zote zile huku tukilala kwa zamu. Baba alikuwa akisafisha pembe kwa kitambaa. Tukasikia kutoka juu ya mteremko: ndama amekata kamba.

Sijawahi kuona wazee wakiwa wepesi vile. Mama alimwaga kibuyu cha kwanza bila hata kutazama kilikoangukia. Baba akamwaga cha pili, analia, nasema kweli, machozi yanamtoka. Wazee wa Theta hawakuhitaji kuelezwa, kwao pia kulikuwa na ndama. Walitoka kwa mlango wa nyuma wakaingia kwenye kahawa na makoti yao. Nami nikachukua pembe nikaificha chini ya nguo zangu, nikakaa juu yake.

Kisha akafika. Alizima pikipiki mlangoni, akaivua miwani yake ya vumbi, akakuta nyumba ina mtu mmoja na harufu ya muratina.

"Wako wapi watu?" akauliza.

Hakungoja jibu. Alikaa akanieleza, uso umemng'aa, jinsi alivyopokelewa. Tangu Ruiru, alisema, watu walimpisha. Wanaume walivua kofia na kuingia mashambani ili apite. Akina mama walikuwa wakipeana habari za kuja kwake kwa sauti, kutoka shamba hadi shamba. Hajawahi kuona heshima ya namna ile. "Nilijua tu," akasema. "Ni hii ekzosi."

Baba yake mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, ana majani ya kahawa kichwani, amelipasua koti begani. Alimtazama mwanawe, akaitazama pikipiki, akaondoka kurudi Theta bila kuaga mtu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Thika kumwambia aitoe. Nilimweleza yote, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza: afisa, msako, ndama, mtaro. Akaichomoa kalamu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nikadhani limeingia.

"Lakini walinipisha," akasema.

"Walikukimbia."

"Kupisha ni kupisha." Kisha akanyoosha tai. "Mimi nibadilishe sauti yangu kwa sababu watu wanapika pombe?"

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, tena hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe kwa kuwa bado nilimtaka. Baba alisema atapika mara moja tu tena. Asali haikuwa ikipatikana, na moyo wake haukuwa na nguvu ya kumwaga mara ya pili. Hiyo ikimwagika, alisema, atajua Mungu hataki, nami nitafute mtu anayetembea kwa miguu. Basi kila kitu changu kikawa ndani ya vibuyu viwili.

Mama ndiye aliyepata shauri. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. "Kama haliachi, tutalizoea." Akapanda mteremko mwenyewe akazungumza na wanawake wa kupalilia. Jumamosi ile mkisikia ule mlio, akawaambia, msilete habari za ndama. Ni mkwe wangu, yule kichwa ngumu. Mpokeeni. Mpigieni vigelegele ashibe, labda akishiba ataiondoa.

Jumamosi ikafika. Wazee wa Theta walirudi, wamesihiwa sana, wameketi karibu na mlango wa nyuma. Maneno yakasemwa, marefu, mazuri, ya mafumbo kama desturi. Mimi nikaitwa, nikasimama kwenye kona, baba akajaza pembe akanipa mkononi. Alikuwa amefungua kinywa aulize. Hapo tukausikia mlio kutoka juu, ule mzito wa taratibu. Wazee wa Theta waliinuka nusu. Mama akawainulia mkono.

"Kaeni, wazee. Ni mtoto wenu."

Na kweli, kutoka mteremkoni hatukusikia ndama. Tulisikia vigelegele. Wanawake waliacha majembe, wakakata matawi ya kahawa, wakaimba wimbo wa kumpokea mkwe, wakashuka wakicheza mbele ya pikipiki na pande zake zote mbili. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza katika wiki hizo zote. Akasema tumngoje basi, aje alione jambo lake likifanyika. Mimi nilisimama na pembe yangu nimejaa aibu na furaha, nikiwaza: kichwa ngumu, lakini amekuja.

Wimbo ulipofika karibu na mlango wetu ulikufa, sauti moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja kiziwi kidogo.

Niliambiwa baadaye kwamba waliokuwa mbele hawakugeuka kutazama, na waliokuwa nyuma hawakuwa na njia ya kuwaambia walio mbele. Niliambiwa pia kwamba afisa, alipowaona wakiingia barabarani mbele yake na matawi, alishangaa, kisha akapunguza mwendo, kisha akawapungia mkono. Hakuna kijiji kilichowahi kumwimbia. Aliamini. Wanaume wawili, ekzosi za aina moja, akili moja.

Afisa akainama akaingia. "Jambo," akasema, bado anatabasamu. Kisha pua yake ikafanya kazi.

"Wewe mzee," akamwambia baba. "Mimi nasema wewe mara ngapi?"

Gari la askari lilikuwa limefika. Waliingia wawili, watu wa kwetu, mmoja alikuwa amesoma na kaka yangu. Walivichukua vibuyu wakavimwaga pale mlangoni, taratibu, bila kututazama usoni, na muratina ikapita katikati ya miguu ya wazee wa Theta ambao safari hii hawakuwa na pa kukimbilia. Mama alikaa chini. Nikajua ndiyo mwisho, Mungu hataki, na nitazeeka nikifundisha watoto wa watu kuhesabu vijiti.

Hapo ndipo nilipomwona mlangoni, nyuma ya askari, amevaa tai ile nzuri zaidi. Hakuna aliyemsikia akija. Afisa mwenyewe aligeuka akashtuka. Pikipiki ilikuwa imesimama nje, nyeusi, kimya, na mchumba wangu alikuwa akinitazama mimi peke yangu, si askari wala vibuyu, amejaa tabasamu la mtu aliyeleta zawadi.

"Nimeweka ile ya pili," akaninong'oneza. "Umesikia?"

Lilikuwa jambo la kwanza la busara alilolifanya tangu nimjue, na hakumwambia mtu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, na mpaka leo sijui kipi ningeanza nacho.

Afisa akaamuru baba apelekwe kwenye gari. Baba akasimama, akafunga vifungo vya koti. Ndipo akaona kwamba kwenye kona yangu pembe bado ilikuwa mkononi, na bado imejaa. Waliomwaga hawakuitazama, au waliitazama.

"Ngojeni kidogo," baba akasema. Akageuka kwangu, akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya sherehe, kana kwamba nyumba haina askari. "Binti yangu, pombe hii tuinywe?"

"Yeye nasema nini?" afisa akauliza.

Yule askari aliyesoma na kaka yangu alitazama ukuta. "Anaaga mtoto wake, bwana," akasema.

Nyumba nzima ilinitazama. Nilimtazama yule mjinga mlangoni, na vumbi la barabara yote ya kutoka Thika juu ya tai yake, amekuja polepole kwa sauti ya padre kwa sababu nilimwomba. Nikaonja. Nikampa baba. Baba akanywa nusu, akamwendea baba wa Theta akampa iliyobaki, na mzee yule akaimaliza na kupangusa ndevu. Pembe tupu baba akamkabidhi askari, kwa mikono miwili, kama ushahidi.

Alipopita mlangoni alisimama mbele ya mkwe wake.

"Na wewe," akamwambia, "siku nyingine ukibadilisha kitu, sema."

Wakampakia, wakaondoka, pikipiki ya afisa ikitangulia. Kijiji chote kilisimama nje kikiusikiliza mlio ule ukipanda mteremko na kushuka upande wa Ruiru, mpaka ukapotea. Mama alikuwa akilia. Nilimtafuta mume wangu nimshike mkono, nikamkuta amesimama peke yake barabarani, ameinamisha kichwa upande mmoja, amefumba macho.